Randa inachana mbao, je ninunue plena na grenda? Jibu kwa mwalimu wa Morogoro

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, tangu likizo ya mwezi wa 12 nimeshikwa na useremala, nilitengeneza kistuli kimoja kikasimama nikajiona nimemaliza dunia. Nyuma ya nyumba nina kibanda kama mita 2 kwa 3, kina bati na umeme. Nataka nitengeneze shelfu ya vitabu na kitanda cha mwanangu wa pili. Nilinunua randa mpya ya chuma lakini inarukaruka, paina inatoka unga unga, na ile mkongo ndo kabisa, inachanika inaacha mashimo. Jirani yangu fundi welding kanicheka, anasema siku hizi nani anashika randa, ninunue plena ya umeme na grenda, kwenye grenda nifunge diski ya meno ya mbao nitakata kila kitu. Nina 700,000 ya vifaa. Kuna mtu pia ananiuzia msumeno wa umeme wa mtumba kutoka Japani, bei poa sana. Mwanangu mkubwa ana pumu, sijui kama inahusu. Nianze na nini? Halafu natumia mkono wa kushoto, kuna randa za mashoto?"

Marahaba mwalimu. Hongera kwa kistuli, kikisimama bila kuwekewa karatasi chini ya mguu ujue umeshawazidi wengi.

Swali lako limebeba maswali kama sita lakini nikilikunjua naona hofu moja tu, kwamba kazi inatoka mbaya kwa sababu huna mashine. Hapana. Inatoka mbaya kwa sababu randa yako haijanolewa. Najua umesema ni mpya, na ndo maana nasema haijanolewa. Randa ya dukani, hata ile nzuri, kisu chake kimepitishwa kwenye jiwe la kiwandani kikapewa umbo tu, ukikigeuza kwenye mwanga utaona mistari mistari kama ya kitana. Hayo sio makali, ni mahali ambapo makali yatakuja kukaa. Mwenye duka hakwambii manake na yeye mara nyingi hajui, anauza randa kama anavyouza bawaba.

Nikueleze kinachotokea pale chini ili usikariri tu. Mbao sio kitu kimoja kama sabuni, ni mafungu ya nyuzi zimelala pamoja. Kisu cha randa kikiingia kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kinakata na pia kinanyanyua, kama kabari. Kikiwa kikali kukata kunatangulia, unapata maranda marefu membamba yanayojikunja kama utepe. Kikiwa butu kunyanyua ndo kunatangulia, nyuzi zinang'oka kabla hazijakatwa, mpasuko unakimbia mbele ya kisu na kushuka chini kuliko ulipotaka, hapo ndo unapata yale mashimo. Na kwenye mbao laini kama paina kisu butu kinaziponda nyuzi badala ya kuzikata, ule unga unga wako umetoka hapo. Kurukaruka nako ni hivyo hivyo, kisu kinagoma, unasukuma kwa nguvu, kinaachia ghafla, kinagoma tena. (Kurukaruka kuna sababu ya pili, meza. Kama unaranda juu ya meza ya kulia chakula inayocheza, hata mimi nitashindwa. Tengeneza benchi zito, kimo chake kiwe usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama mikono imening'inia, na chini yake weka viroba viwili vya mchanga.)

Sasa kunoa. Nenda kwa fundi vioo mwombe kipande cha kioo kinene ukubwa wa daftari, mabaki anayo. Nunua msasa wa maji, ule mweusi wa mafundi rangi za magari, namba 220, 400, 1000 na 2000. Lowesha kioo, bandika msasa, maji yenyewe yataushika. Anza na mgongo wa kisu, ule upande bapa, ulaze kabisa usugue mpaka sentimita moja ya mwishoni ing'ae sawasawa, ni kazi ya kuchosha ila unaifanya mara moja tu kwa kisu hicho maisha yake yote. Kisha geuza upande wa mteremko. Pembe ni digrii 25 mpaka 30 na huhitaji kipimo, pima unene wa kisu, urefu wa mteremko ukiwa mara mbili ya unene hapo ni digrii 30 kamili, yaani kisu cha milimita 2 mteremko wake uwe milimita 4. Sugua kwenye 220 mpaka ukipapasa nyuma kwa kidole, ukitoka ndani kwenda nje, uhisi kama kikwaruzo kwenye ncha yote, kile ni kichuma chembamba kimejikunja na ndo ushahidi kwamba umefika mwisho. Watu wengi wanaacha kabla ya hapo. Wakishaacha hapo hata wapande mpaka msasa namba 5000 wanang'arisha ubutu tu. Ukishakihisi panda namba moja moja, kila hatua geuza kidogo usugue mgongo, malizia kwenye mkanda wa zamani wa ngozi ukivuta kurudi nyuma. Kijaribishe kwenye kichwa cha paina, pale mwisho wa ubao ambapo nyuzi zinakutazama. Kikipita pale kikaacha sura inayong'aa bila kuponda, umefika. Kikiacha vumbi, rudi.

Usikipeleke kwenye grenda ya jirani "kikanolewe haraka". Chuma kikigeuka bluu pale kwenye ncha ugumu wake umeshatoka, utanoa asubuhi kufika saa nne kimelala.

Baada ya hapo kuna mambo mawili ya randa yenyewe. Kile chuma cha juu kinachofungwa mgongoni mwa kisu sio cha kushikilia tu, kazi yake ni kuyavunja maranda yakitoka ili mpasuko usikimbie mbele. Kwa paina kirudishe nyuma ya makali kama milimita moja, kwa mkongo kisogeze kabisa, ubaki unene wa kadi ya vocha. La pili ni upande wa kwenda. Umeshapara samaki mwalimu, ukipitisha mkono kutoka kichwani kwenda mkiani unateleza, ukirudi magamba yanakukamata. Mbao ni hivyo hivyo. Tazama ubavu wa ubao, mistari ikiwa inapanda kuelekea mbele unakokwenda, nenda. Ikiwa inashuka, geuza ubao.

Ila mkongo utakusumbua hata ukifanya yote hayo, na sio kosa lako. Mkongo, na mvule pia, nyuzi zake zinapishana, tabaka moja la mti limelalia huku na la pembeni yake limelalia kule, kwa hiyo kwenye ubao mmoja upana wa mkono kuna samaki watatu wametazama pande tofauti. Hakuna upande sahihi wa kwenda. Dawa ni kisu kikali kuliko kawaida, kukata kwembamba sana, alafu kumalizia na kipande cha bati la msumeno mzee cha kukwangulia, unakinyoosha ukingo kwa tupa, unakisugua na chuma cha duara kama shina la bisibisi ukingo ujikunje kidogo, unakwangua ukikiinamisha. Fundi mwenye miaka 30 ya kazi anafanya hivyo hivyo. Kwa mtu anayeanza mimi ningeweka ule mkongo pembeni kwanza, kitanda ukitengeneze kwa paina, mkongo usubiri mkono ukomae. Na Morogoro kwenu mtiki wa Mtibwa haupo mbali, mzuri kwa kuranda kuliko mkongo, ila ndani una chembe za silika kama mchanga, unakula makali haraka, utanoa mara nyingi mpaka uzoee.

Haya, plena. Plena haitakuondolea tatizo la kuchana, itakuchania kwa kasi. Visu vyake vinazunguka kama mara 16,000 kwa dakika, kwenye nyuzi zinazopishana inang'oa vilevile, tena visu vikiwa butu wewe husikii kwa mkono kama kwenye randa, unakuja kuona wakati wa vanishi. Upana wake ni milimita 82, ubao mpana zaidi ya hapo unaacha ngazi, na mwanzo na mwisho wa ubao inapenda kuchimba. Sio kifaa kibaya, kwa mtu anayepanga milango kila siku ni mkombozi. Kwa vitu viwili vitatu kwa mwezi, chukua mbao zako peleka pale wanapouza mbao wenye mashine kubwa ya kuranda, unalipia kwa ubao, zinarudi zina unene mmoja, wewe unabaki na kazi ya kumalizia kwa randa ya mkono. Hakuna aibu hapo, hata karakana za Keko Dar kuna wanaopeleka mbao zao kwenye mashine ya mwenzao.

Grenda sasa, na hapa naomba unisikilize kama mkubwa wako. Usifunge diski ya meno kwenye grenda. Najua utaiona kila mtaa, najua jirani yako anaitumia miaka na vidole vyake vyote anavyo, na najua diski zenyewe zinauzwa wazi wazi. Grenda imetengenezwa kwa diski inayosugua, inakwaruza chuma kidogo kidogo na yenyewe inaisha. Diski ya meno haisugui, inang'ata. Grenda ndogo ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, piga hesabu (wewe mwalimu utapiga haraka kuliko mimi), ncha ya jino inakwenda zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Msumeno wa umeme wa kawaida wa milimita 185 unazunguka kama nusu ya hapo, una kitako kipana kinachokaa juu ya mbao, una kava linalojifunga lenyewe ukiinua, na ukiachia swichi unazima. Grenda haina kitako, unaishikilia hewani kwa mikono, nyingi swichi yake ukishaisukuma inabaki imewaka hata ikikutoka mkononi, na kuna watu wanavua kava kabisa ili diski iingie.

Hatari kubwa kwenye mbao haitokani na kuteleza tu. Mbao ina mkazo ndani yake, hasa ikiwa haijakauka vizuri, ukiipasua katikati inaweza kujifunga ikaibana diski. Diski iliyobanwa haisimami, inapanda juu ya mbao na kuirusha mashine yote kumfuata aliyeishika, usoni, shingoni au pajani. Nilifanya kazi na kijana mmoja hodari kabisa, alikuwa anakata ubao wa shelfu tu, diski ilimwingia pajani. Alipona, ila hakurudi kwenye useremala. Wewe una watoto wanaokuja kuchungulia kibandani, hivyo kwenye hili sina "inategemea". Kama grenda unayo tayari, ifungie diski ya msasa ya kulainishia viti vya stuli, hapo inafaa sana.

Ule msumeno wa mtumba wa Japani: umeme wa kule ni volti 100, wetu ni 230. Ukiuchomeka moja kwa moja utaunguruma vizuri ajabu kwa sekunde chache, alafu utasikia harufu. Kuna transfoma za kushusha umeme lakini ya kubeba msumeno ni kubwa, nzito na inagharimu, ukijumlisha ile bei poa haipo tena. Vilevile angalia mitumba ya Uingereza yenye plagi ya njano, hizo ni za volti 110 za kwenye ujenzi. Soma kibati cha mashine kabla ya kutoa hela, kama hakuna kibati acha.

Kwa hiyo 700,000 yako mimi ningeigawa hivi, na sitakutajia bei manake zinabadilika duka hadi duka. Raundi ya kwanza usivuke nusu. Anza na vya kupimia, tepu na guniya (kile kipimo cha pembe mraba). Guniya ijaribu hapo hapo dukani, iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili uchore tena pale pale, mistari ikiachana guniya imepinda na kosa unaloliona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Muuzaji atakukodolea macho, mwache. Kisha msumeno wa mkono wa meno 7 au 8 kwa inchi. Misumeno mingi siku hizi meno yake yamekomazwa kwa moto kiwandani yana rangi nyeusi ya bluu, hayo tupa haiyashiki, yakiisha unatupa, kwa kuanzia sio mbaya. Ujue tu kwamba meno ya kukatisha ubao yamechongwa kama visu vidogo na ya kupasua kwa urefu yamechongwa kama patasi ndogo, ukipasua kwa msumeno wa kukatisha utafika ila utatoka jasho la bure. Patasi mbili, ya milimita 12 na ya 25, zinolewe kama kisu cha randa, na mkono wako wa pili siku zote uwe nyuma ya makali. Patasi butu ndo inayokata watu manake inasukumwa kwa nguvu. Gundi nzuri ya mbao. Klampu (vibanio) mbili tatu, na kwa zinazopungua kata mpira wa tyubu ya baiskeli iwe mikanda, ukizungushia kwenye kiungo mara tano sita unabana kuliko unavyodhani.

Raundi ya pili, baada ya shelfu kuisha, nunua drili ya umeme, ya waya inatosha, ya betri ni raha lakini betri ikifa unaweza kukuta bei yake inakaribia mashine mpya. Kama bado unataka mashine ya kukata, jigso, ile yenye kisu chembamba kinachopanda na kushuka. Haikati mstari mnyoofu kama msumeno wa duara na ni ya taratibu, hilo nakubali, ila kwa kibanda cha mita 2 kwa 3 chenye watoto jirani ni mashine inayosamehe zaidi. Msumeno wa duara ule halisi wenye kava lake uje baadaye, ukiwa na benchi na klampu za kushikilia mbao. Na kwenye mashine yoyote inayozunguka vua glavu, kanga kiunoni vua, nywele funga. Glavu watu wanaona ni usalama, kumbe ikinaswa inavuta mkono wote.

Umeuliza kama pumu inahusu. Inahusu sana, nimefurahi umelitaja. Vumbi la mbao sio uchafu tu, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ililiweka mwaka 1995 kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hiyo ni kwa wanaolivuta miaka na miaka. Kwa pumu ni haraka zaidi, vumbi la mninga na la mvule linajulikana kwa kuchokoza kifua na ngozi. Randa ya mkono inatoa maranda, yanaanguka chini unafagia. Msasa wa mashine na misumeno ya umeme inatoa unga unaoelea hewani hata baada ya wewe kuondoka. Kwa nyumba yako hiyo pekee ni sababu ya kupenda randa. Piga msasa nje ya kibanda upepo ukiwa unatoka nyumbani kwenda nje, vaa barakoa ya N95 (ya kitambaa haitoshi), badilisha nguo kabla hujamkumbatia mtoto. Kama anaanza kukohoa usiku au anatumia dawa yake ya kuvuta mara nyingi kuliko kawaida siku unazofanya kazi, simamisha kazi umpeleke kwa daktari, usisubiri kuona.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatakufikisha. Sauti ya randa kali, ile "shiiii" ndefu, lazima uisikie mara moja kutoka kwenye mkono wa mtu. VETA wapo hapo Kihonda, kaulize kama wana kozi fupi ya useremala, au tafuta mzee mmoja wa karakana umlipe Jumamosi mbili akusahihishe unavyosimama. Mashine ikikupiga shoti hata kidogo usiendelee nayo, muite fundi umeme aangalie na waya wa ardhi wa kibanda. Na ukijikata kidole kikafa ganzi mbele ya jeraha au kikagoma kukunja, hata kama damu imekauka, hospitali siku hiyo hiyo, huo unaweza kuwa mshipa wa fahamu au kano imekatika, na uulize sindano ya pepopunda.

Mkono wa kushoto hauna shida, randa, patasi na msumeno wa mkono havijui shoto wala kulia, geuza tu benchi mwanga utoke upande wako wa kulia ili kivuli cha mkono kisikae kwenye mstari.

Paina yako kabla hujaikata iweke ndani, ipange na vijiti katikati hewa ipite, manake nyingi inayoshuka kutoka Mafinga inafika na maji yake. Kata kipande kidogo kipime kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku tatu, uzito ukiacha kushuka imetulia. Wakati unasubiri, nunua godoro la mtoto na ulipime mwenyewe kwa tepu. Godoro lililoandikwa futi 3 sio lazima liwe na futi 3, mimi kuna mteja nilimtengenezea kitanda kimoja mara mbili kwa sababu hiyo, na mara ya pili sikulipwa.